Sungura Uliyekataa Kumpasua

Mpendwa Baba Masika,

Asubuhi ile ulirudi kutoka shuleni mapema, nami nilikuwa uani nachambua maharagwe yaliyotoka Musienene. Ndani ya koti lako kulikuwa na sungura. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa amekuagiza umpasue akiwa hai, wanafunzi waone moyo unavyopiga. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Nimekatala. Huyu anasikia uchungu sawa siye."

Majirani walicheka: mwalimu anayekula mbuzi siku ya Noeli anamhurumia sungura! Hukubishana nao. "Kula ni kula," ulisema, ukichomeka Kifaransa chako cha shule, "mais kutesa, hapana." Shuleni wakakunyang'anya somo la biolojia, wakakupa jiografia. Uliendelea kwenda shule na shati lililopigwa pasi, lakini jioni hukutuchorea tena mabawa ya vipepeo pale mezani.

Kisha Ebola ikaja. Ulikwenda Beni kumwuguza dada yako, na wewe ukalazwa hukohuko. Niliruhusiwa kukuona kupitia ukuta wa plastiki tu. Wauguzi walitaka kunichanja pamoja na watoto. Nikamwuliza mmoja wao, "Hii dawa mulijaribu kwa nani mbele?"

"Kwa nyani, mama. Ingine ilikufa. Kisha kwa batu."

Nilikuletea jibu hilo kwenye plastiki, maana sikutaka kuamua bila wewe. Ukasema, "Bachome batoto sindano. Na weye pia. Mais musisahabu bale banyama balikufa."

Nikamnyooshea muuguzi mkono anichanje, kisha watoto. Wewe ulifariki kabla ya Jumapili. Watu waliovaa mavazi meupe ndio waliokuzika. Mimi nilisimama mbali. Sikukuosha, sikukugusa.

Sasa mwanetu Masika anasomea udaktari hapa Butembo. Juzi waliletewa sungura wa mazoezi, kila kikundi na wake. Akasimama akaomba apasuliwe mmoja tu, wote watazame, tena alazwe usingizi kwanza kwa dawa. Profesa akakubali, ila kisu akampa yeye. Alirudi nyumbani analia.

"Mama, Papa angesema nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba ungejivunia, kisha nikaona labda ungelia naye. Tulikaa jikoni mpaka mboga ya sombe ikapoa. Nilikuonea hasira, Baba Masika, kwa kuwa maswali haya ulikuwa ukiyabeba wewe, ukatuachia sisi. Mimi najua kuuza vitenge tu. Nikiwatazama watoto wanakula, najua wako hai kwa sababu ya wanyama ambao sikuwaona hata siku moja. Nashukuru, na shukrani yenyewe inaniuma.

Pumzika huko Beni. Mapigano ya barabarani yakitulia nitakuja kupalilia kaburi lako. Nitamleta na Masika, akuulize mwenyewe.

Mke wako,
Mama Masika