Odongo na Ouma ni Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 1996

Stima imerudi asubuhi. Seli ninazokuza maabara zimepona, isipokuwa sahani moja. Nimezibadilishia chakula. Kisha hadubini mpaka jioni, nikitazama vimelea vya malaria vinavyotoboa utando wa seli nyekundu za damu. Shingo inauma.

Mkurugenzi anasema kamati ya vyeo inakuja Homa Bay wiki ijayo. Nikipata cheo, maabara inabaki kwangu. Nikikosa, inapewa mtu kutoka Nairobi nami nimbebee sahani. Sitaki hata kidogo.

Jumatano, 12 Juni

Kamati imekaa. Sijui nicheke au nilie.

Hawakuhesabu makala tu. Walipekua vile vitabu vinene vinavyoonyesha nani ametajwa na wenzake. Ouma R. A., yaani mimi: karibu hakuna. Halafu mzee mmoja mwenye tai nyekundu akauliza mbona makala zangu zinamfuata sana huyu Odongo, ambaye anatajwa mpaka India. Akamgeukia mkurugenzi: "Huyu Odongo mko na address yake? Si tumpatie yeye hii lab?"

Odongo ni mimi. Kabla ya harusi niliandika kwa jina la Baba. Baada ya harusi, kwa jina la mume wangu, wala sikufikiri mara mbili. Nimejishinda mwenyewe kwenye usaili wangu mwenyewe.

Wanataka kiapo cha wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Tena nichague moja, niandikie hilo hilo siku zote. Mkurugenzi amenishauri nichukue lile ambalo dunia inalijua.

Alhamisi, 13 Juni

Kiapo tayari, na muhuri juu. Karani wa wakili ameniuliza, "Madam, ulikuwa unamtoroka nani?" Mjinga.

Nimemweleza mume wangu, Ouma, kwamba makala mpya itatoka kwa jina la Odongo. Ametoka kuchota maji, na mapipa yote yamejaa. Wakati wa kula akasema, "Kwa hivyo umenifuta." Basi. Mwalimu wa hesabu, anajua kutoa.

Nimeumia. Nampenda huyu mtu. Maabara pia siiachi.

Ijumaa, 14 Juni

Ouma anaongea na redio tu.

Jumapili, 16 Juni

Rangwe, kwa mama mkwe. Ouma ameanza kunishtaki kabla sijakaa. Mama alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwani, akamwacha amalize yote. Halafu akamuuliza, "Ouma, hapa mimi naitwa nani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Nyar Kendu. Binti wa Kendu. Niliolewa hapa kabla hujazaliwa, baba yako nimemzika hapa, na bado ni Nyar Kendu. Huyu wako ni Nyar Migori. Hiyo ya kuolewa halafu kwenu kunafutika, ulifunzwa na nani?"

Ni kweli. Boma zima, kila mke anaitwa kwa alikotoka. Tumeishi ndani ya desturi hiyo miaka yote, na tulipofika kwenye karatasi za Wazungu tukaisahau, mimi wa kwanza.

Ouma amevuta ungo, akaanza kuchambua omena. Hajui kazi hiyo. Nimefurahi waziwazi.

Jumatatu, 17 Juni

Makala imetumwa. Odongo. Ouma mwenyewe ameipeleka posta.

Alhamisi, 27 Juni

Cheo kimekuja. Nimekaa kwenye kigoda cha maabara muda mrefu bila kufanya lolote. Mzee wa tai ameniandikia pongezi, anasema alijua tangu mwanzo. Mwongo.

Jumamosi, 29 Juni

Migori, mimi na Ouma. Tulimkuta Baba anatundika tumbaku bandani. Ouma ndiye aliyetoa kwenye bahasha makala yangu moja ya kabla ya harusi, akamwonyesha jina. Kumbe sijawahi kumpelekea hata moja. Kiingereza hasomi, ila jina lake analijua. Amepangusa mikono kwanza.

Nimemwambia kuna watu mbali wameliandika hilo jina kwenye kazi zao. Akauliza kama wanamjua. Hawamjui, Baba.

"Hawanijui, na wameandika tu?"

"Wameandika."

Ameitazama sana. Kisha akampa Ouma airudishe kwenye bahasha, isije ikashika harufu ya tumbaku.