Chupa ya Pili

Nyumbani,
Jumapili

Kwako binti yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye maabara ya serikali, zikukute mzima, umekula na umelala. Sisi huku tunapumua. Shangazi yako anakusalimu. Mgongo bado unamsumbua ila mdomo hauumwi. Kaka yako fundi baiskeli anakusalimu, pamoja na wifi yako, aliyejifungua salama mtoto wa kike mwenye paji lako la uso. Jirani yetu mshona viatu kasema nisimsahau. Baba yako anakusalimu sana. Yeye nitamrudia huko mbele.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu inakaa kitandani kwa baba yako, na masikio yake bado makali. Nakuandikia nikiwa jikoni, na mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita.

Mwanangu, ulipopata ule ufadhili wa kufanya utafiti, sikuelewa vizuri ni kitu gani. Nilijua tu umepewa koti jeupe na mashine inayosema ndani ya maji mna nini hata kama jicho halioni. Shangazi yako akauliza kama inaweza pia kusema nani kadokoa nyama sufuriani. Kisha ukatutumia zile chupa mbili, moja ya kujaza na moja ya akiba. Uliagiza tusizioshe kwa sabuni, tujaze maji ya kisima chetu hadi shingoni, maana yule mvunja betri za magari nyuma ya ukuta alikutia wasiwasi kwamba madini ya risasi, ile sumu ya betri zake, yanashuka ardhini. Baba yako akasema kazi hiyo ni yake. Kisima alikichimba kwa mikono yake, hakutaka mwingine akitie mkono.

Ulipotuambia maji ni safi, hayana risasi, baba yako alizunguka mtaa mzima. Alikuwa akisema yeye hajafaulu mtihani wowote tangu azaliwe, lakini kisima chake kimefaulu wa serikali. Mshona viatu akakibandika jina, Mhitimu. Watu wakaanza kuja na ndoo, kila mmoja anaenda kwa Mhitimu, na baba yako anawagawia bure huku amekaa pembeni kama mkuu wa chuo.

Sasa nikwambie, mama. Baba yako anaumwa. Alianza na tumbo, tukasema ni chakula. Kisha mkono wa kulia ukalegea, kikombe kinamponyoka. Kuna siku ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Tukampeleka hospitali. Daktari, mtu mpole, akauliza tunakunywa maji gani. Nami nikajivuna, nikamjibu kwamba maji yetu yamepimwa na binti yangu wa kumzaa kwenye maabara ya serikali, hayana kitu. Habari za maji akaziacha hapo hapo, akaandika dawa za tumbo.

Tuliporudi, baba yako akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika dada yake. Akaniambia ile chupa hakuijaza kisimani. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yakatoka na rangi kama ya chai hafifu, akaona haya. Alisema asingeweza kuwapelekea wasomi wenzako maji yale, waseme kumbe huyu kakulia kwenye tope. Akaenda kujaza kwenye bomba la shule. Majibu yalipokuja akajiambia maji ni maji, na sifa zilipoanza akashindwa kurudi nyuma. Aliniomba nisikwambie.

Mashine yako haikukosea, wala wewe hukukosea. Ilisema kweli juu ya kile ilichopewa. Na baba yako usimkasirikie, alitaka uonekane umetoka kwa watu safi.

Kisima nimekifunika. Watu nimewaambia kamba imekatika, na wamenuna, wananiita mchoyo. Wifi yako alikunywa maji yale mimba nzima. Akinipa mtoto nimpakate, namtazama mtoto tu, mama yake nashindwa kumtazama.

Dereva wa basi anakuletea barua hii pamoja na chupa ya pili, ile ya akiba. Nimeijaza mwenyewe, hadi shingoni, sikuchuja. Ina rangi. Usione haya kuiweka mezani mbele ya wenzako.

Upesi, mwanangu, nijibu upesi. Mtumie dereva huyo huyo au mpigie kaka yako, hata neno moja. Baba yako chakula hakipiti tena, anachoomba ni maji ya kisima chake tu. Ya bomba anasema hayamkati kiu. Kila akiomba namwambia kamba imekatika, naye ananitazama, kwa sababu kamba ile ni mpya na aliisuka mwenyewe. Niambie kama nimpe.

Ni mimi mama yako,
anayekuombea