Kompyuta Tuliyoificha Ghalani

Mpendwa Mama Cecilia,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Inyonga na safari hii si mambo ya mapenzi, ni kompyuta, tafadhali usinicheke. Nilisomea kazi hiyo Tabora, nikaolewa huku, nikawaomba walina asali wa kijijini wanichangie, na kweli walitoa madumu ya asali tukauza, tukapata kompyuta moja iliyotumika, printa na jenereta ndogo, nikaanza kufundisha vijana, wasichana wakiwemo, kwenye chumba cha chama cha wakulima wa tumbaku. Mwenyekiti wa kamati ya darasa letu ni baba mkwe wangu, mzee Ezekia, na tuliposikia mfadhili wa ng'ambo anapita kutafuta vituo vya kusaidia, mzee akaniambia, "Mkwe, ficha hizo mashine. Akiziona atasema nyie mmeshashiba," nami nikazibeba mwenyewe nikazipenyeza ghalani katikati ya magunia ya mahindi. Mgeni akaingia chumba kitupu, akauliza tumeanzisha nini, mzee akajibu bado hatuna kitu, mgeni akasema wao huongeza palipoanzwa, hawaanzishi, akapanda gari akaondoka. Sasa ametuma salamu kwamba Alhamisi atapita tena kuaga, na mzee anataka tuondoe hata meza ili shida yetu ionekane vizuri, mume wangu Josephat ananikataza kubishana na baba yake, walina asali wanauliza kompyuta yao iko wapi, na wanafunzi wameanza kurudi mashambani. Mama, darasa hili silifungi, nimeapa, lakini mkwe anaanzaje kumpinga baba mkwe?

Lucia, Inyonga

Lucia mwanangu,

Marahaba. Sikucheki, ila umenikasirisha. Mdomo ulikuwa wa mzee, lakini mikono iliyobeba ni yako. Umesoma mpaka Tabora, ukaja kuzika elimu kwenye mahindi! Panya hawajui kuchapa, wanajua kutafuna nyaya.

Pole pia, maana ukwe ni mzito na mimi nimeupitia. Usimkabili mzee mbele ya kamati, hatarudi nyuma hata akijua amekosea. Pitia kwa mama mkwe. Piga goti, mweleze yote, na umwambie wazi kwamba mashine si za mzee wala si zako, ni za waliotoa asali. Josephat naye aache kujificha nyuma ya baba yake, aje abebe.

Nyie mmeshika "mgeni njoo, mwenyeji apone" mkasahau kwamba mwenyeji lazima akutwe ana pumzi. Umaskini huyo mfadhili ameuona njia nzima. Hakuhitaji kufika Inyonga kuutafuta.

Basi sikiliza. Leo hii zitoe ghalani, zifute vumbi, uziwashe. Kesho darasa liendelee, lisingoje Alhamisi. Mgeni akukute unafundisha, na mwambieni ukweli kwamba mlizificha; aibu hiyo haiui mtu. Akisaidia, vizuri. Asiposaidia, wachapieni wakulima wa tumbaku karatasi zao, wawape dizeli ya jenereta, mwendelee.

Na walina asali waite siku hiyo. Wao ndio wafadhili wenu wa kwanza, na katika barua yako yote sijaona aliyewapa hata kiti. Alhamisi wakae mbele. Mgeni atafutiwe nafasi nyuma yao.

Mama Cecilia