Mke Yuko Uyole, Stadi Iko Mfukoni

Mpendwa Bi Manjula,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, mwenye shida hachagui wa kumwamkia. Naomba msaada. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, naishi Igowole, nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo kiwandani miaka ishirini na mbili, sasa nalima viazi. Mke wangu Faustina ni mwalimu, mwaka jana akahamishiwa Uyole huko Mbeya, tukakubaliana kwamba kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, nitapanda Korola yetu niende na Jumapili nirudi, na nilikwenda bila kukosa mpaka mwezi wa pili mwaka huu, nilipomkuta amenunua jiko la gesi, amebadilisha kitasa cha mlango mwenyewe kwa bisibisi, na tukiwa tunakula akaniambia kwa upole kabisa, "Baba Happy, si lazima uje kila mara, barabara itakumaliza."

Nikasema sawa. Ugali nikaumaliza. Lile neno sijalimaliza hadi leo.

Niliporudi nyumbani nikavua tairi la nyuma kuangalia breki, na wakati wa kulirudisha bado nalifikiria lile neno, basi nikazikaza nati kama tulivyozoea kwenye mitambo mikubwa, bomba refu kwenye mpini wa spana na mwili mzima juu yake mpaka chuma kilie, na kweli kililia, stadi moja, yaani ile bolti inayotokeza kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kushika tairi, ikakatika, nati ikabaki ndani ya spana. Zilikuwa nne zikabaki tatu. Nikampigia Faustina nikamwambia siji, stadi imekatika. Akasema, "Haya, ukitengeneza utaniambia."

Hiyo ni miezi minne sasa. Jirani yangu Joachim, dereva wa lori la mbao, kila akipita husimama getini kunisalimu, "Kamwene, bwana harusi wa Uyole! Bado tu? Wenzio wanashusha injini na kuipandisha kwa siku mbili!" nami namjibu spea hazipatikani. Bi Manjula, huo ni uongo. Stadi mpya nilinunua Mafinga wiki ileile, iko kwenye mfuko wa koti, nikiwa shambani naishika naiachia, imeshaanza kung'aa.

Na mwezi huu wa sita baridi yetu unaijua, asubuhi ukungu umelala kwenye mipaini, nachemsha maji ya kuoga ya watu wawili, halafu nakumbuka. Kandambili zake ziko mlangoni, nazikung'uta vumbi na kuzirudisha zikiwa zimeelekea ndani kama za mtu aliyeingia sasa hivi. Tukiongea kwenye simu salamu zikiisha nasikiliza anavyofunua madaftari ya wanafunzi, nasikia na kikohozi chake kile kidogo, kisha nasema haya, usiku mwema. Juzi binti yetu Happy, aliyeolewa Ipogolo, akanipigia, "Baba, hivi hilo gari limepona? Mama ameniuliza tena." Nikamwambia bado, kisha nikakasirika kwamba mama yake anamuuliza mtoto badala ya kuniuliza mimi.

Sasa nishauri, je, niende wakati mwenyewe alisema si lazima, na nikikuta hanihitaji nitarudi Igowole na uso gani? Halafu wenye gereji wananitisha kwamba stadi haiingii bila habu kupelekwa kwenye mashine ya kugandamiza, je, nyumbani haiwezekani?

Ni mimi Liberatus, Igowole.

*

Liberatus,

Kwanza pole. Pili, barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipotaja basi la abiria, sikupaona. Kutoka kwako hadi barabara kuu pale Nyololo ni safari ya pikipiki, na mabasi ya Mbeya yanapita kutwa nzima. Anayetaka kwenda, gari lake likiharibika hupanda la wenzake. Wewe umekaa na gari bovu unaliuguza lisipone.

Unaogopa, na mimi sikucheki. Umezoea kuitwa kila kitu kikikwama, siku moja unakuta kitasa kimebadilishwa bila wewe. Inauma. Lakini mwenzio alikuhurumia na ile barabara ya malori, wewe ukasikia unafukuzwa. Hebu soma ulichoandika kwa mkono wako: "Mama ameniuliza tena." Tena, Liberatus! Mtu asiyekungoja haulizi habari za bolti. Ulimwambia kinachokuzuia ni gari, akakuamini, ndiyo maana anauliza gari. Na akuulize wewe saa ngapi, wakati akikohoa tu umeshamtakia usiku mwema?

Sasa kazi. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la spea la baba yangu, Iringa mjini, na vitisho vya wenye gereji nilivizoea kabla sijajua kusoma. Mashine haihitajiki. Tafuta mahali tambarare, weka gia, tia mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na legeza nati kabla ya kupandisha jeki. Gari likipanda liegemeze kwenye stendi imara. Jeki peke yake imeshawazika watu. Hendbreki iachie, la sivyo dramu ya breki haitoki, na kwa hasira zako utaivunja. Dramu ikitoka, zungusha habu hadi penye nafasi, gonga kipande kilichokatika kitokee nyuma, ingiza stadi mpya kutokea huko huko, meno yake yakikaa vizuri kwenye tundu lake. Kwa mbele panga washa nne nene, zile pete za chuma, juu yake nati ya zamani, kaza taratibu. Nati itaivuta stadi mpaka kichwa chake kilale kabisa kwenye habu. Ukimaliza toa washa, rudisha dramu na tairi, kaza nati kwa kupishana, kwa mpini wa spana kama ulivyonunuliwa. Grisi usitie. Lile bomba kafungie mbuzi. Na hizo stadi tatu ulizozikaza nalo siku ile, zikague. Zilizovutika badilisha zote. Ukifika Makambako simama, kaza tena, maana mwendo wa kwanza hulegeza.

Ni kazi ya asubuhi moja, kwa fundi kama wewe. Ifanye Alhamisi, Ijumaa uondoke.

Ila kabla hujagusa spana, leo hii, mpigie Faustina. Usimpe habari za viazi. Mwambie: stadi ninayo tangu mwezi wa pili, niliogopa kuja, nimekukumbuka. Kwa mpangilio huo huo. Atanyamaza. Usikate simu. Kimya chake kikiwa kirefu, kivumilie. Chako amekivumilia miezi minne.

Bi Manjula