Pazia la Kwenda Unguja

Alhamisi, 1 Julai 1993

Haisi imefika! Rangi ya maziwa. Imetoka Japani, imepumzika Dubai, imeshushwa Dar, na leo alasiri imesimama mbele ya duka langu hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, watu wanaizunguka kama bibi harusi. Ubavuni ina maandishi ya Kijapani. Nimewasomea: "Mali ya Alawi." Hakuna aliyebisha. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kusoma Kijapani.

Shule niliiacha darasa la sita, ilikuwa inanichelewesha. Lakini Lusaka nimefika, Lubumbashi nimefika, Beira nimelala na kuamka. Sasa nataka kusafiri kwa fahari.

Abiria baadaye. Kwanza nampeleka Loyce kwa mume wake. Mwanangu Twalib ni mpishi kwenye hoteli ya Mtaliano mmoja huko Bwejuu, Unguja, na sasa amepewa chumba cha familia. Mkewe na mtoto wanahamia huko. Najua, basi lipo. Mke wangu Safina ameshaniambia mara ngapi, mtie kwenye basi, yaishe. Hapana! Basi likimchukua amekwenda. Na tangu aolewe hajakaa nami chumba kimoja hata mara moja. Kalelewa na bibi yake kijijini Lupepo, Kinyakyusa cha zamani, na kwao mke hamtazami baba mkwe. Nikiingia mlango wa mbele, anatoka wa nyuma. Nikimkuta njiani, anaingia migombani. Mjukuu naletewa na Safina kama sahani ya futari. Sauti ya mkaza mwana wangu naijua kwa mbali tu, kama redio ya jirani.

Kwa hiyo nimeamua. Nampeleka mwenyewe, na tukifika tunaizunguka Unguja nzima kwa gari, pwani kwa pwani, ukoo mzima. Ndani ya Haisi hakuna migomba.

Jumamosi, 3 Julai

Nimechora ramani kwenye mfuko wa saruji. Mjini, Bububu, Mangapwani, Mkokotoni, mpaka Nungwi kule kichwani. Halafu kuteremka mashariki: Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Chwaka, Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi, mjini tena. Duara safi kama chapati.

Nikampelekea Hasheem, fundi cherehani, mzaliwa wa Makunduchi. Akaitazama akicheka mpaka miwani ikaanguka. Anasema Chwaka bahari imeingia ndani, hori kubwa, na gari langu haliogelei. Lazima nirudi katikati ya kisiwa mpaka Dunga ndipo nishuke kusini. Tena anauliza mimi nilifika Unguja lini. Nikamwambia nilikaa Malindi, pale bandarini mjini, miezi na lori. Kumbe ulikiona kisiwa kwa tundu la ufunguo, anasema.

Sawa. Chapati imeng'atwa. Bado ni chapati. Nimechora hori.

Huyu Hasheem naye! Mji mzima unaniita mimi Mzee Unguja, si yeye. Marehemu baba alipanda huku mlimani na cherehani begani, watu wakamwita Unguja. Alipokufa nikarithi vyote viwili. Cherehani imekwisha kutu. Jina linang'aa. Na dukani nimeandika kwa rangi nyekundu: ZANZIBAR STOO. Mtu akija na macho mabovu asipotee.

Jumanne, 6 Julai

Safina kamuuliza Loyce habari ya safari. Anasema alinyamaza. Akamuuliza mtoto abebewe nguo za baridi au za joto. Akanyamaza, halafu akasema za huko. Huko wapi? Za huko tu.

Hataki. Nimejua. Lakini mtu hawezi kukataa kitu ambacho hajakiona! Nimemwagiza Hasheem pazia. Kitenge kizito, la kukata gari katikati, dereva na kiti cha mbele huku, wengine kule. Kaliwekea pete za shaba, linateleza vizuri. Safina anasema gari limekuwa chumba cha mganga. Nikamwambia basi leo mganga ana petroli.

Ijumaa, 9 Julai

Baada ya swala tumefanya majaribio mpaka Ziwa Masoko. Nia yangu kumzoesha. Safina mbele na mimi, Loyce na mtoto nyuma ya pazia. Nilikaa kwenye usukani kabla hajatoka nyumbani, nikatazama mbele kama mwanajeshi. Akapanda. Akapanda! Nikaanza kuimba, Safina akanifinya.

Gari likapita kwenye mashimo, pete zikateleza. Mimi sina habari. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani nione nyuma kama kuna lori — na yeye yuko humo. Uso mzima. Macho kwa macho.

Jamani, ni mzuri. Kafanana na mtoto.

Akajifunika kanga kichwa chote, akagonga bati. Nikasimamisha. Akashuka na mtoto mgongoni, akakata njia ya mashambani kwenda kwa mama yake kule Kisondela. Safina akamfuata kidogo, akarudi na matope mpaka magotini. Hakunilaumu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jioni nimeking'oa kioo cha ndani kwa bisibisi. Kwani Beira niliendesha na kioo?

Jumapili, 11 Julai

Ukungu. Hajarudi. Duka kimya.

Ambilikile mnunuzi wa ndizi kaja, kakaa juu ya katoni ya sabuni, anazungukazunguka maneno. Ukimwona Ambilikile anaanza na bei ya mkungu, ujue ana msiba. Mwishowe kasema mji unazungumza. Loyce aliaga kazini kwake zahanati, wenzake wakamuuliza anahamia wapi, akasema kwa mume, ng'ambo ya maji. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Huku kwetu ng'ambo ya maji ni wapi? Ni Malawi! Amepata mume Karonga, ndiyo maana amekimbia gari la mkwe. Tayari wanajua na kazi ya huyo mume. Ana mashine ya kusaga.

Nilicheka. Ambilikile alipoondoka sikucheka.

Twalib nimwambie nini?

Jumatatu, 12 Julai

Nimekwenda Kisondela kwa miguu. Haisi nimeiacha, isionekane nimekuja kumteka mtu.

Mama yake Loyce, Atuganile, nilimkuta anapukuchua maharage barazani. Kabla sijafika uani nilikohoa sana, nikasikia mlango wa nyuma, na kicheko cha mjukuu kikienda mbali. Vizuri. Nilikohoa kusudi.

Nikaeleza yote. Pazia, kioo, mashine ya kusaga ya Karonga. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga Atuganile aliweka ungo chini, akajipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Jina langu nani?

"Alawi."

"Hilo la cheti. Watu wanakuitaje?"

Nikasema Mzee Unguja. Na duka? Nikasema. Akaniacha nijisikilize.

Kwao mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Wala neno linalofanana nalo. Anatafuta la pembeni. Mama mzazi wa Atuganile alikaa maisha yote bila kusema neno jembe, kwa sababu jina la mkwe lilifanana nalo, akawa anasema kile kilimio. Mimi hayo nayajua! Nimezaliwa hapa! Lakini nilidhani ni mambo yao ya majina ya kwao. Nikamwambia, mkwe, mimi si Mnyakyusa.

"Adabu si yako wewe, ni yake yeye," Atuganile akasema. "Unguja umejiita. Zanzibar umeandika ukutani. Mwanangu ataita nini mahali anapokwenda kuishi? Umekaa juu ya kisiwa chote, mkwe. Hujamwachia hata pa kukanyaga."

Sikuwa na mzaha. Mimi! Nilitafuta mmoja tu, sikupata.

Nikauliza kama anaogopa safari. Akasema haogopi safari, ameshafunga mizigo tangu mwezi uliopita. Anachoogopa ni kumvunjia mtu heshima njia nzima mpaka Dar. Akanifungia maparachichi kwenye jani la mgomba. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo. Nimerudi na mvua.

Jumatano, 14 Julai

Nimemwita fundi wa mabango. Futa ZANZIBAR, nikasema. Akadhani nimefilisika. Akauliza badala yake aandike nini. Nikasema andika DUKA. Akasema duka gani? Duka! Mtu akiona masufuria na betri atadhani ni kanisa?

Halafu nikapita sokoni, stendi, msikitini, kwa kinyozi. Nimetangaza mwenyewe kwa mdomo wangu. Kuanzia leo Mzee Unguja hayupo. Mimi Alawi. Anayeniita lile la zamani namnunulia soda siku hiyo hiyo ili aone aibu. Safina anasema nimekosea, ilikuwa wao wanunue. Ni kweli, vijana wa stendi wameniita Unguja mchana kutwa, wameshiba.

Hasheem alikasirika kabisa. Ati jina la baba yangu, jina la watu wa pwani mji mzima, nimelitupa kwa sababu ya desturi za watu wengine. Ambilikile akamjibu kabla yangu kwamba hao watu wengine ndio wanaomlea kitukuu wa huyo baba. Nikawaacha.

Usiku huu bango linanuka rangi. Baba, nisamehe. Au usinisamehe, lakini ungemwona yule mtoto.

Ijumaa, 16 Julai

Loyce amerudi kufunga mizigo. Amekuja na mama yake. Nilijificha stoo nyuma ya magunia ya chumvi. Baba wa familia!

Ukuta wa stoo na jiko ni mmoja, mbao tupu. Namsikia Safina anapepeta mchele, mtoto analia anyonye. Halafu Loyce, pole pole, kama mtu anayejaribu daraja la mti kwa mguu mmoja:

"Mama, Unguja kuna baridi?"

Ungo wa Safina ukasimama. Hata mtoto nadhani alisimama. Halafu Safina akajibu kama vile hakuna kilichotokea, kwamba hakuna baridi, mtoto atatembea uchi. Na Loyce akasema tena. Unguja ndizi zipo? Unguja watu wanakwenda kliniki wapi? Unguja hivi, Unguja vile — kila kitu alichokuwa hajauliza mwezi mzima.

Nilikaa juu ya gunia la chumvi. Sijawahi kusikia jina hilo likisemwa vizuri namna hiyo, na mara hii halikuwa langu.

Jioni nimempigia Twalib kutoka posta. Laini inakwaruza. Nikamwambia Jumapili tunaondoka. Basi au gari? Nikasema gari. Akauliza, na Loyce amekubali kupanda? Nikasema laini imekatika, nikakata.

Jumapili, 18 Julai

Naandika Uyole, kituo cha mafuta. Baridi inauma vidole.

Tumeondoka baada ya alfajiri. Mlima Rungwe haukuonekana, umejifunika kama ukweni. Loyce alipanda nyuma ya pazia, mama yake akamfungia mlango, akagonga bati mara moja, twende. Kioo cha ndani hakipo. Nilitazama mbele tu.

Tukapita Kiwira. Halafu namsikia anamuuliza Safina kwa sauti kubwa kidogo kuliko inayotakiwa kwa mtu aliye karibu, hivi ile barabara ya kisiwani inazunguka yote? Safina hajui, anageuza uso dirishani, gari limemchafua tumbo. Basi nikakijibu kioo cha mbele. Nikakiambia haizunguki yote, Chwaka kuna hori, tunarudi Dunga halafu tunashuka. Kioo hakikusema kitu. Baadaye pazia likauliza hori ni nini. Nikakieleza kioo. Tukaenda hivyo mpaka hapa, mimi na kioo, pazia na Safina. Nimekieleza kioo habari za Beira pia. Sidhani kama kiliamini.

Safina ametapika mara mbili. Sasa hivi amekuja dirishani, uso wa kijivu, anasema kiti cha mbele hakiwezi tena, atajilaza kiti cha nyuma mpaka Iringa na asisumbuliwe. Nikamuuliza na Loyce atakaa wapi na mtoto? Akanitazama kama mjinga, akaenda zake kuzunguka gari.

Mafuta yamejaa. Nasikia wanaongea huko nyuma, chini chini. Mlango wa nyuma umefunguliwa. Umefungwa. Mtoto anacheka karibu sana.

Natazama mbele. Nimeshika daftari kwenye usukani, naandika chochote, naandika ili macho yawe na kazi. Lori la mbao. Mbwa. Mwanamke ana beseni la vitunguu. Kitasa cha kushoto kinageuka — cha mbele, cha upande wangu wa pazia — mtu wa kwanza kuingia ni mjukuu, amesukumwa taratibu juu ya kiti, anatambaa kuja kwangu, na nyuma yake mkono wa mama umemshika nguo na haujamwachia