Baba Abiria

Shoga, tumepewa adhabu hospitali. Mimi na kaka, mtu mzima na ndevu zake!

Si unajua baba tangu akatwe mguu, siku tisa amegeukia ukuta tu. Hali chakula, hasemi. Leo muuguzi akasema tumtoe na kiti cha magurudumu, apate hewa kwenye korido.

Kaka akaninong'oneza, "Unakumbuka alivyokuwa anatusukuma kwenye toroli?" Sijajibu, keshaanza kupiga honi kwa mdomo. Piiip! Na mimi mjinga nikaunguruma kama lori.

Tukakimbia, shoga. KORIDO NZIMA. Wagonjwa wanachungulia milangoni.

Mara nasikia, "Ongezeni moto!"

Nikadhani ni kaka. Kumbe baba! BABA!

Basi tukaongeza. Kwenye kona akatokea daktari na kikombe cha chai. Chai yote kwenye koti lake jeupe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Dereva ni nani hapa?"

Baba, macho makavu: "Mimi sijui, daktari. Mimi abiria tu."

Baba mzazi katuuza hivihivi!

Daktari akauma midomo asicheke. "Siku tisa naitafuta sauti yako, mzee, kumbe umeihifadhi kwa ajili ya uongo."

Matroni ndiye hakucheka. Katupa ndoo na dekio, tupige deki korido yote. Baba yuko kitini anatusimamia: "Wewe, pale umeruka!"

Nakuandikia nimejibanza nyuma ya mlango. Mgongo umekufa.

Na sasa hivi anauliza chakula kinaletwa saa ngapi.