Punje ya Shaba Iliyolipuka

Mbeya, Alhamisi, Juni 1976

Imelipuka tena. Majibu ya kompyuta yamefika leo kwa posta kutoka Dar es Salaam, baada ya wiki sita za kungoja: punje yangu ya shaba, atomu hamsini na tano tu ninazoziiga kwa hesabu, imesambaratika. Profesa anayenisimamia chuoni huko ameandika pembeni kwamba huenda nadharia yangu haifai, nirudi kufundisha.

Nilimweleza dada yangu, Tusajigwe. Akauliza, "Kwa hiyo umelipua kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo, dada."

"Na serikali inakusomesha."

Jioni nimepitia kadi zote nilizozitoboa kuipa kompyuta maagizo, moja moja. Mojawapo ina alama ya kujumlisha badala ya kutoa. Atomu zilikuwa zinasukumana badala ya kuvutana.

Itabidi nimwandikie profesa, na atanicheka. Lakini nimefarijika: kumbe mimi si mjinga, ni mzembe tu.